Chungu cha Jumapili Chini ya Mlima Kenya

Kipupwe cha Pwani ni mzaha mtupu ukikilinganisha na baridi ya Nyeri. Sisi wa Mombasa, mwezi wa Julai ukiingia, hujitupia shuka begani wakati wa Alfajiri tukaambiana kwamba mwaka huu kuna baridi. Huko Nyeri, katika mwezi huohuo, ukungu hushuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya ukalala juu ya mabati mpaka saa nne za asubuhi, na mtu atokapo msikitini huiona pumzi yake mwenyewe ikimtangulia njiani. Katika hali kama hiyo chakula cha moto hakiwi anasa. Mtoto aliyetoka shule amelowa soksi, na mama aliyesimama kazini usiku kucha, hukihitaji kama wanavyohitaji blanketi.

Tulikwenda huko kumzuru binti ya ndugu yetu, muuguzi aliyeolewa na kijana mwenye duka la vipuri vya magari mjini. Wana watoto wawili, mvulana wa darasa la pili na msichana wa miaka minne. Siku moja kabla ya safari tulimpigia simu tukamwambia, "Msijisumbue kwa ajili yetu." Kila aliyelelewa Pwani anaijua maana ya maneno hayo. Maana yake ni kwamba mgeni anakuja na anatarajia biriani.

Na biriani tulipikiwa. Binti yetu alitoka zamu ya usiku saa mbili za asubuhi, akapitia kwa muuza nyama, akaingia jikoni bila ya kuweka ubavu chini. Saa nane sinia ilipowekwa mbele yetu, sosi ilikuwa nzuri lakini wali ulikuwa na kiini, na ukoko umeungua ukanuka nyumba nzima. Alikuwa amesinzia ameegemea ukuta, mwiko mkononi. Tulijitahidi kula na kusifu. Ndipo mtoto wa kiume, kwa ule unyofu wa watoto usio na adabu wala hatia, akauliza, "Mama, kumbe leo si mkate na chai?"

Mama yake alikaa pale pale mkekani, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. "Ami, nisamehe," alisema. "Wiki nzima nimewapa mkate."

Mumewe aliangalia sahani yake. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba katika wiki hiyo ya mkate yeye alikuwa akila chakula cha mchana kwenye hoteli iliyo jirani na duka lake, na siku nyingine cha jioni pia, kwa kuwa hakutaka "kumsumbua" mkewe. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani kutodai chakula ni wema wa kutosha.

Inatupasa tuseme ukweli wa upande wetu. Katika harusi ya vijana hawa sisi ndio tuliotoa nasaha. Tulimwambia bibi harusi, mbele ya wanawake waliojaa ukumbi, kwamba jiko ni mimbari ya mwanamke na kwamba mumewe asikose chakula kutoka mkononi mwake. Maneno yalipendeza na vigelegele vikapigwa. Usiku ule wa Nyeri, tukiwa tumejikunja chini ya mablanketi matatu, yaliturudia moja moja.

Sisi watu wa Pwani ni wafuasi wa Imam Shafii, na katika madrasa zetu husomeshwa Minhaj ya Imam Nawawi. Katika mlango wa nafaka na matumizi ya mke, mwanafunzi husoma kwamba mume hutoa nafaka kwa kipimo: mudi mbili kwa mwenye nacho, moja kwa mnyonge, moja na nusu kwa wa kati. Kisha husoma kwamba juu ya mume huyo kuna gharama ya kuisaga nafaka hiyo na kuioka mkate. Kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu, kupika si deni ambalo mke anadaiwa na mumewe. Akipika, amefanya ihsani. Wako wanazuoni wengine wakubwa, kama Ibn Taymiyya, walioona kwamba utumishi wa nyumba humlazimu mke kwa kadiri ya ada ya watu na hali zao, na rai yao ina uzito wake. Lakini hata ada yenyewe haimtaki mwanamke akeshe na wagonjwa usiku, kisha apike mchana kama aliyelala.

Mlango huo tumeusomesha miaka mingi, na kila mara tulipita hapo mbiombio. Ndivyo pia tunavyosimulia kisa cha Bibi Fatima alipokwenda kwa baba yake, rehema na amani zimshukie, kuomba mtumishi, akafundishwa tasbihi za kusema kabla ya kulala. Tunaikazia subira yake. Mikono yake iliyokuwa imechubuka kwa jiwe la kusagia, ambayo ndiyo iliyomtoa nyumbani, tunaitaja kwa sentensi moja tu. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala unapofika. Hili nalo waume wengi hulisikia kwa sikio moja.

Asubuhi iliyofuata ilibisha hodi jirani, bibi wa makamo kutoka Majengo, akiwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kanga. Majengo ya Nyeri, kama yale ya Nanyuki, yana habari ndefu. Boma la Nyeri lilipoanzishwa mwaka 1902, pamoja na utawala mpya walipanda askari, wapagazi na wachuuzi, miongoni mwao Waswahili na Wanubi, na kwa kukaa, kuoana na wenyeji kusilimu, pakatokea watu ambao leo husoma Maulidi kwa Kiarabu, hugombana kwa Kikikuyu na hupatana kwa Kiswahili. Jiko lao lina mchanganyiko kama huo. Sufuria ya bibi yule ilikuwa na githeri, hii ambayo Pwani twaiita pure, mahindi na maharagwe, lakini alikuwa ameikaanga kwa vitunguu, nyanya na bizari, akaimalizia kwa tui la nazi. Tulikula bakuli mbili, wala hatukuona haya.

Alipoona nyumba ilivyo, bibi huyo hakuuliza maswali. Alimwambia binti yetu aende akalale, kisha akamwita mume jikoni. "Wewe si unafungua injini za magari?" alimwambia. "Maharagwe yatakushindaje?"

Sehemu kubwa ya haya tunayoyaandika tumeyapata kwake, nasi tumeyaongezea machache tuliyoyajua kwingine.

La kwanza ni kwamba jiko la mlimani si jiko la Pwani. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki uko juu zaidi. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kabla ya kufikia joto lile la nyuzi 100 linalofikiwa Mombasa. Nyeri huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Maji yanatokota, mvuke unapanda, mpishi anadhani mambo yako sawa, kumbe chungu hakina joto alilozoea. Ndiyo maana wali wa binti yetu ulikuwa na kiini. Alipima maji kwa jicho la Mombasa. Mchele huku huhitaji maji zaidi kidogo na moto mdogo wa muda mrefu, na maharagwe yanayoiva Pwani kwa saa moja na nusu huweza kuchukua mbili na zaidi. Wengi hukimbilia magadi ili yaive upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini na huacha ladha ya sabuni. Heri kuyaroweka usiku kucha, kuyamwaga maji yale na kuanza na mapya. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha. Kwa watu wa milimani hicho si chombo cha fahari, kwa kuwa mvuke uliofungiwa ndani hurudisha lile joto lililopotea, na gesi inayookolewa huilipa bei yake.

Asiyekuwa nayo ana kikapu. Hiki tulikiona kwa bibi yule na tukakipenda kuliko vyote. Ni kikapu kikubwa kilichotandikwa ndani blanketi kuukuu na mito iliyoshindiliwa vitambaa. Maharagwe yaliyorowekwa huchemshwa kwa moto mkali nusu saa au dakika 40, yakitokota kwelikweli, maana maharagwe yasiyochemshwa vyema yana sumu inayoumiza tumbo. Kisha sufuria, ikiwa imejaa na ingali inatokota, hufunikwa, huwekwa kikapuni na kuzibwa kwa mto pande zote. Mtu huenda kazini, au hulala. Baada ya saa nne tano anarudi, anakuta chakula kimejiivia, anakirudisha motoni kitokote tena, anakiunga. Hakuna kuungua na hakuna wa kusimama na mwiko. Tahadhari ni moja tu: kisiachwe humo mpaka kikawa vuguvugu, kwa kuwa uvuguvugu ndio unaozalisha maradhi.

Kisha ukaja mpango wa wiki. Tulikaa meza moja, mume, mke aliyekwisha kulala saa sita kamili, na sisi tukiwa makarani. Zamu zake za usiku ziliandikwa kwanza, chakula kikafuata zamu. Watu wengi hufanya kinyume, huandika vyakula vizuri saba kwenye karatasi kisha wakashangaa mbona siku hazikuwatii.

Jumamosi mume hufunga duka mapema akashuka Karatina, ambako soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika nchi hii. Kabichi, karoti, viazi, minji, sukuma wiki na majani ya malenge huuzwa hapo kwa bei ambayo mama wa Kongowea akiisikia atadhani anadanganywa. (Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilijenga papo hapo Karatina kiwanda cha kukausha mboga za kulishia majeshi, kwa hiyo habari ya kupanga chakula kabla ya njaa si ngeni mahali pale.) Mchele hununua gunia dogo la pishori ya Mwea kila baada ya miezi miwili. Mpunga huo unalimwa chini tu ya mlima, upande wa Kirinyaga, katika mashamba ya umwagiliaji yaliyoanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliokuwa kizuizini enzi za Hali ya Hatari. Tunaponusa harufu ile sinia inapofunuliwa, si vibaya tukawakumbuka.

Jumapili ndiyo siku ya chungu. Maharagwe kilo moja na nusu yaliyorowekwa tangu Jumamosi huchemshwa yote kwa pamoja bila ya kuungwa. Fungu la kwanza huungwa kwa nazi jioni ileile, likaliwa kwa chapati. La pili huchanganywa na mahindi kwa githeri ya Jumatatu, siku ambayo mume hufunga sunna na Magharibi inapoingia hataki kusubiri. La tatu ni la Jumanne. Huliwa kwa wali, au hupondwa pamoja na viazi, mahindi na majani ya malenge likawa mukimo. Maharagwe yaliyochemshwa hayafai kukaa frijini kupita siku tatu au nne, kwa hiyo Jumatano jioni huingia kikapuni chungu cha pili, mara nyingi ndengu, hizi ambazo Pwani twaziita pojo, au njahi. Njahi ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe, na mama aliyejifungua katika sehemu hizi hulishwa hayo kama wetu anavyonyweshwa uji wa pilipili manga. Alhamisi ni saumu tena. Ijumaa tuliiacha wazi kwa pilau, kwa kuwa Ijumaa bila ya harufu ya pilau ingemfanya binti yetu aone yuko uhamishoni.

Chapati hupikwa mara moja, zikaivishwa nusu na kuwekwa. Asubuhi au jioni humaliziwa kwa dakika chache, na hilo hata mvulana wa darasa la pili aliliweza akisimamiwa. Nazi ni ghali mlimani na si kila siku hupatikana iliyo nzuri, kwa hiyo tui likawekewa siku mbili tu za wiki. Siku nyingine mafuta ya chakula hutoka kwa parachichi la Murang'a lililokatwa kando ya sahani, ambalo watoto walilikubali upesi kuliko ami yao. Samaki ndiye aliyekosekana. Mito ya mlima ina trauti waliopandikizwa na walowezi mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini mtu aliyekulia changu na tasi hafarijiwi na trauti, na hatukujaribu kumlazimisha.

Asubuhi ni uji. Wimbi husagwa na kuwekwa, hupikwa mzito, hutiwa maziwa ambayo Nyeri, alhamdulillahi, hayana shida. Tuliwaambia pia habari ya talbina, uji wa shayiri ambao Bibi Aisha alikuwa akiamrisha upikwe kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, kwa alivyomsikia Mtume akisema kuwa huutuliza moyo na kupunguza huzuni. Shayiri hulimwa Timau, si mbali na Nanyuki, ingawa sehemu kubwa yake, Mungu atusitiri, huishia katika viwanda vya pombe. Kama ipo nafaka inayostahili kuokolewa ikaletwa sufuriani, ndiyo hiyo.

Hatutaki mtu adhani kwamba nyumba ile iligeuka kwa siku moja. Wiki ya kwanza mume aliunguza ndengu mara mbili, akanunua sufuria mpya kwa siri. Mwezi wa pili mpango ulivunjika kabisa mtoto wa kike alipopatwa na homa, na watu wakarudi kwenye mkate. Hapo ndipo bibi wa Majengo alipoleta sufuria yake tena, pasipo kuitwa. Yako mafundisho ya Mtume kwa Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awaangalie jirani zake. Na Jaafari bin Abi Talib alipouawa Muta, watu waliamrishwa wawapikie jamaa zake, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Sisi Pwani twaitekeleza amri hiyo vizuri matangani. Kwa mama mwenye zamu ya usiku na mtoto mwenye homa, hakuna mti unaopigwa wala mkeka unaotandikwa barazani, basi hakuna ajuaye kwamba amefikwa. Jamaa za Kiislamu katika miji ile ni chache na zimetawanyika, na mke aliyetoka Lamu au Mombasa huweza kukaa mwaka mzima pasipo mtu wa kumfunulia kawa. Wake wa msikiti wa mtaa ule sasa wameanza kupeana zamu: nyumba iliyo na mgonjwa au mzazi hupelekewa sufuria moja kila jioni kwa siku saba, kila siku na mpishi wake.

Tulirudi Nyeri mwezi uliopita, safari hii bila ya kupiga simu. Ilikuwa Jumatatu. Mume alikuwa jikoni amevaa kikoi na sweta, akiunga githeri, na bizari ilikuwa nyingi kupita kiasi. Binti yetu alikuwa amelala, zamu yake ikianza saa moja na nusu usiku. Chakula kilipoiva, kabla ya mtu yeyote hajapakuliwa, mvulana alichukua sahani, akaijaza, akaiweka juu ya meza na kuifunika kwa kawa ambalo mama watoto wetu alikuwa amelituma kutoka Lamu. Tulikuwa na njaa ya safari, na mkono wetu ukaelekea huko.

"Siyo hiyo, babu," alisema, akausogeza mkono wetu taratibu. "Hiyo ya mama. Yako inakuja."